Pale Zuhura Anapokata Pumzi

Mbeyu mwanangu,

Uko kwa msusi Kongowea, na kwa mistari midogo uliyoitaka najua hurudi kabla ya alasiri. Nimefunga kibanda cha kutengenezea redio. Wenye sabufa zao nimewaambia waje Jumatatu. Nimekaa hapa mezani na kalamu kwa sababu mimi na wewe tukizungumza tunagombana, na nikigombana navunja vikombe. Kikombe cha Jumatano nisamehe, najua kilikuwa chako tangu darasa la tatu. Hasira yenyewe siiombei msamaha. Bado ninayo, na utaisikia humu ndani mwanzo hadi mwisho.

Mambo ya sweta na baridi ya Nairobi, na usimpe mtu simu yako akushikie stesheni, hayo mamako ameshakuambia na kesho atakuambia tena mpaka treni ing'oke Miritini. Mimi nina jambo moja tu. Ule mkataba.

Jumatano uliuweka hapa mezani ukaniambia, "Baba, soma ufurahi. Jumatatu naenda kutia sahihi." Nikasoma. Kizungu changu ni cha vitabu vya redio, lakini nikasoma, kidole juu ya mstari. Nilipofika kifungu cha tisa kidole kikasimama. Kifungu cha tisa kinasema hasara ya vinywaji vitakavyoharibika wakati wa kurekodi itakuwa juu ya msanii. Wewe ulikiona? Kama ulikiona ulicheka ukapita. Haya, niambie, studio iliyo ghorofa ya sita Nairobi ina vinywaji gani vya kuharibika?

Vinywaji hivyo ni bia, Mbeyu. Ni bia za klabu ya Magongo, za kabla hujazaliwa. Mkataba huo niliuandika mimi.

Wewe umekua ukijua kwamba babako aliwahi kuwa na kampuni ya kaseti, Sauti ya Magongo, na kwamba ilikufa. Jumatano ulinikumbusha, tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Wewe una wivu, baba. Yako ilikufa." Sawa. Ilikufa. Lakini hujui ilivyoishi, na kosa la kutojua si lako.

Ilianza kwa rekoda mbovu. Mgeni mmoja wa hoteli za Shanzu aliitupa, mfagiaji akaniletea kibandani, rekoda ile ya magurudumu mawili na mikanda mikubwa. Nilikuwa kijana wa Rabai mwenye bisibisi mbili na kiburi kingi. Niliifungua mwezi mzima mpaka ikaongea. Wakati huo klabu za upande wetu huu wa bara zilikuwa zinawaka moto. Watu wa bandarini na wa viwanda vya Changamwe wakitoka kazini Jumamosi hawakuwa na haja ya kwenda kisiwani. Walitaka bendi hapa hapa, gitaa tatu na mwimbaji mwenye kifua, na jasho liwatoke. Bendi zilikuwa nzuri ajabu, na makampuni makubwa hayakuwa na habari nazo. Watu wale walipiga muziki mpaka asubuhi ukaishia hewani. Mimi nikasema hapana, haiwezekani upotee hivi hivi. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusema, na ningefia hapo ningezikwa kama mtu wa maana.

Tulirekodi Jumatatu mchana, klabu ikiwa imefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu bado inanata. Magodoro tuliazima gesti ya jirani tukayasimamisha ukutani kuzuia mwangwi. Magodoro yale yalikuwa na kunguni. Kuna wimbo mmoja, ukisikiliza vizuri, gitaa la pili linanyamaza kidogo katikati: mpigaji anajikuna. Lakini adui wetu mkubwa alikuwa friji. Klabu ilikuwa na friji tatu za bia, zinanguruma kama lori linalopanda mlima, na maiki yangu ilisikia kila kitu. Ikabidi zizimwe. Mwenye klabu akawa anasimama pale kaunta, anagusa chupa kwa mgongo wa kiganja, anapiga kelele, "Karisa, zinapata joto!" Kwa hiyo wimbo tuliupiga mara moja, mara mbili ukizidi. Hapakuwa na kurudia. Na mwenye klabu alipochoka kulalamika, mimi, hodari wa kujitetea, nikaandika kwenye mkataba kwamba bia zikiharibika ni juu ya msanii. Wanamuziki wakatia sahihi pale pale mezani, wengine kwa dole gumba. Nani asome? Walitaka kusikia sauti zao.

Mpiga gitaa mmoja, kiongozi wa bendi, aliomba nakala ya mkataba akaikunja akaiweka mfukoni. Jina lake Beni. Ndiye huyu unayemwita Bosi, mwenye studio hiyo ya Nairobi. Amekaa nayo miaka yote hii, akaipeleka kwa wakili akaivalisha Kizungu, na wakili naye, mvivu, hakuondoa hata bia. Nikimkumbuka Beni nataka kutukana. Kisha nakumbuka kwamba hakubuni neno hata moja. Alijifunza kwangu.

Sasa angalia kifungu cha nne. Kinasema jina la jukwaani ni mali ya kampuni, na msanii akiondoka ataliacha nyuma. Na cha saba kinasema msanii hatataja jina la mtu yeyote ndani ya wimbo bila ruhusa ya kampuni. Hicho cha saba nitakwambia kilivyozaliwa, ucheke kidogo, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Wajua mwenyewe jinsi watu wanavyopenda kutajwa. Wewe ukiimba Shanzu unawataja wageni wa hoteli, wanasimama wanapunga mikono kama watoto. Enzi zetu ilikuwa dereva wa kreni, karani wa forodha, askari, kila mtu ataka jina lake liingie kwenye wimbo, na mwimbaji mzuri ni yule anayeliingiza bila kuvunja mstari. Basi tukarekodi wimbo, ndani yake bwana mmoja wa Mikindani akatajwa pamoja na kimwana wake. Kaseti ikafika nyumbani kwa mkewe. Mama yule alinijia kibandani na mchi wa kutwangia. Haki ya Mungu nilipita dirishani. Siku ya pili yake nikaandika kifungu cha saba. Nilidhani najikinga na mchi.

Sasa nivute pumzi, mwanangu, kisha nikwambie kuhusu Zuhura.

Ile kaseti uliyoiokota chini ya kitanda ukiwa na miaka tisa, "Zuhura wa Ng'ambo," yenye picha ya mamako amevaa gauni la buluu. Uliipiga mpaka utepe ukalegea, nikaukaza, ukaipiga tena. Uliniuliza, "Huyu ni mama kweli?" nikasema, "Huoni picha?" Nilijibu vizuri, siyo? Hakuna uongo hata chembe. Uliitazama picha ukaamini sauti. Mamako alikuwa jikoni, akasikia, akaendelea kukatakata vitunguu.

Sauti ile si ya mamako.

Ni ya mwanamke wa Likoni aitwaye Kache. Alikuwa akikaanga viazi karai karibu na feri, na Jumamosi akiimba na bendi ya Beni. Sijasikia sauti kama ile kabla wala baada, na wewe usinikasirikie, wewe una yako. Alipofungua kinywa walevi walinyamaza. Nilimleta Magongo, nikamwambia atakuwa nyota, lakini Kache ni jina la shambani, haliuziki. Akasema, "Ni jina la bibi yangu." Nikamwambia, "Bibi yako hauzi kaseti." Nikampa jina la Zuhura wa Ng'ambo, nikalitia kwenye kifungu cha nne.

Sasa unajua kwa nini kikombe kilipasuka. Jumatano nilikuuliza kwa nini mkataba umeandikwa Zuhura Mdogo, wewe ukacheka ukasema, "Baba, Mbeyu haliuziki." Mbeyu ni jina la mamangu. Nilifungua kinywa nikwambie hivyo, nikasikia ni maneno ya Kache yanayotoka mdomoni mwangu, yaleyale, na wewe umenijibu yangu. Ala! Ningefanya nini? Nilikitupa kikombe ukutani.

Kaseti ile tuliirekodi Jumatatu moja ya joto. Nyimbo sita. Tulipofika ule wa mwisho, mwenye klabu alikuwa ameshapiga kelele mara nne. Ubeti wa tatu, katikati ya mstari, Kache akakata pumzi. Kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka, akanyamaza, kisha akaendelea, na aliporudi sauti ilikuwa na kitu ambacho hakikuwamo mwanzo. Nikainua macho kutoka kwenye rekoda. Nikamwona ameweka mkono tumboni. Na ndipo nilipoona tumbo. Alikuwa amelificha chini ya kitenge, lakini mkono ulilionyesha. Alikuwa na mimba kubwa, ya mumewe, mtu wa vibarua bandarini, hapakuwa na aibu yoyote ndani yake. Mtoto alikuwa amempiga teke.

Ningeweza kurudia wimbo. Bia zilikuwa zinapata joto. Nikaacha.

Na nikaanza kupiga hesabu zangu za kishenzi. Zuhura wa Ng'ambo alikuwa na maonyesho Jumamosi ile, kaseti mpya, matangazo yamebandikwa mpaka Jomvu. Nikajiambia, nani atakuja kumtazama mwanamke mwenye tumbo jukwaani? Mamako alikuwa mhudumu pale klabu, msichana wa miaka ishirini, mzuri wa sura. Kwanza nilimwomba picha tu ya jalada. Akakubali. Siku ya tatu nikamwomba asimame jukwaani, kanda ipigwe, yeye afuate kwa mdomo. Alisema, "Na Kache?" Nikamwambia Kache anajua. Kache hakujua. Nataka ulisome hilo mara mbili, mamako alidanganywa na mimi kabla ya kumdanganya mtu mwingine yeyote.

Jumamosi Kache akaja kama kawaida, amevaa dera. Nilimngoja mlangoni. Akanisalimu vizuri, "Za kwako, Karisa?" Nikamwambia, "Zuhura hapandi jukwaani na tumbo." Akadhani ni mzaha. Akasema, "Zuhura si ni mimi?" Nikatoa ule mkataba mfukoni, mbele ya watu waliopanga foleni, nikamwonyesha dole gumba lake. Hakupiga kelele. Laiti angenipiga! Alisogea kando, akasimama karibu na jiko la mishikaki, na kutoka ndani akasikia sauti yake mwenyewe inaimba, na watu, wengi wageni waliokuja kwa matangazo, wanashangilia. Alisimama mpaka ubeti wa tatu. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa mlangoni namtazama. Kisha akaondoka.

Kuna baya zaidi, na nimelificha hata kwa mamako mpaka leo asubuhi. Baada ya kujifungua, Kache alikwenda Kisauni kwenye klabu nyingine kuomba kuimba. Akasema yeye ndiye Zuhura. Mwenye klabu akamwambia, "Zuhura namjua kwa picha." Mimi nikapata habari. Wajua nilifanya nini? Nilipanda gari mpaka Kisauni na ule mkataba, nikamwonyesha yule bwana kifungu cha nne, ili asije akamjaribu siku nyingine. Nilitumia siku nzima ya kazi kwenda kumziba mdomo mwanamke anayenyonyesha. Hakuimba tena mahali popote. Hapakuwa na sababu, Mbeyu. Hata faida haikuwamo. Ilikuwa uchungu tu wa kumwona mtu niliyemkosea bado anatembea.

Sauti ya Magongo iliishi miaka mitano baada ya hapo. Watu husema iliuawa na sidii na watu wa kunakili, na mimi nimekubali kusema hivyo kwa miaka mingi, maana ni uongo mtamu. Ukweli ni kwamba wanamuziki waliacha kuja. Habari ya mlangoni ilienea. Nikapiga simu, nikatuma watu, nikaahidi. Mwisho nilibaki na rekoda safi, magodoro ya watu, na hakuna mtu wa kuimba. Beni alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliniambia, "Nitakupa heshima yako, Karisa, umenifundisha kazi." Nilidhani ananisifu.

Kisha ukazaliwa wewe, na ukaimba. Ulijifundisha kwa kaseti ile. Kila pindo la sauti, kila kituo. Na ubeti wa tatu, katikati ya mstari, ukakata pumzi. Ulidhani ni ufundi wa mamako. Mara ya kwanza uliponiimbia nilitoka nje nikajifanya naangalia mita ya stima. Ulipoimba Shanzu, mtu akakurekodi kwa simu, maelfu wakaandika chini yake, "Sikilizeni pale anapokata pumzi, damu ya Zuhura hiyo!" Na Beni, aliyekuwa ameshika gitaa siku ile, aliyemwona Kache na mkono wake tumboni, Beni anayejua kila kitu, akakupigia simu akakwambia anataka binti wa Zuhura. Ndiyo maana simtaki. Huo ndio wivu wangu.

Jumatano baada ya wewe kubamiza mlango sikulala. Alhamisi nilivuka feri. Nilimkuta Kache sokoni Likoni, ana mashine ya kukuna nazi, wanawake wamepanga mabakuli. Kichwa kimekuwa cheupe. Nikasimama kwenye foleni kama mteja, sina hata nazi.

"Wewe nani?" akaniuliza bila kuzima mashine.

"Karisa."

"Karisa yupi?"

"Wa kaseti."

Akanitazama. "Hujafa?"

"Sijafa."

"Basi ngoja nimalize nazi za watu."

Nilingoja. Mota ya ile mashine ilikuwa inalalamika, makaa yake ya ndani, yale yanayopitisha umeme, yameisha, nilisikia kwa masikio tu. Nikasema nitamtengenezea. Akanigeukia kwa kasi. "Usiguse mashine yangu!" Wanawake wote wakageuka kutazama. "Umesikia? Usiguse kitu changu tena." Nikarudisha mikono mifukoni.

Alipomaliza akakaa juu ya kreti. Nilimweleza, wewe, mkataba, Beni, kila kitu. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Hilo weka kando." Akasema ameshakuona. Majirani walimwonyesha kwenye simu.

"Mtoto anaimba," akaniambia. "Anaimba kuliko unavyostahili kuzaa. Lakini pale ubeti wa tatu, mbona anakata pumzi?"

"Anakuiga."

"Anajua kwa nini nilikata?"

"Hajui."

Akacheka, kicheko kibaya. "Mwanangu ana ndevu sasa, yuko gereji pale Mtongwe. Teke lake lile mwanao analiuza kwa Wazungu Shanzu, hata hajui ni teke." Nikamuuliza anataka nini. Nilikuwa tayari kwa lolote, nilidhani atataka fidia, nilikuwa nimeshajipanga kuuza kibanda. Akanitazama kama ananionea huruma, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Pesa zako sina haja nazo. Mwambie pale anaponiiga, anitaje. Si mnapenda kutajana huko? Pale ninapokata pumzi, asikate. Atie jina langu. Mara moja. Niwe nimekaa hapa na mashine yangu, mtu apite na redio, nisikie."

"Kache?"

"Kwani nina jingine? Lile jingine ulilichukua."

Akasimama, akaita anayefuata.

Nilirudi kwa feri nimesimama kwenye ukingo kama mwehu, nacheka peke yangu, nalia, sijui. Kwa sababu kitu kimoja alichoomba ndicho kifungu cha saba kinachokataza. Hatataja jina la mtu yeyote ndani ya wimbo. Nimekiandika mimi, kwa ajili ya mama mwenye mchi! Ukitia sahihi Jumatatu kama kilivyo, kinywa chako kimefungwa na mkono wangu, kama cha kwake. Na kwa kifungu cha nne utakuwa Zuhura, na Beni siku akikuchoka atakuacha mlangoni ampandishe msichana mwingine.

Leo asubuhi ulipotoka nilimwambia mamako kwamba nitakuandikia. Alikuwa anafua. Akaniuliza, "Na mimi nitakuwa nani kwa mtoto wangu?"

"Mamake."

"Mamake mwongo."

Akarudi kwenye nguo zake. Nimekaa hapa naandika, namsikia anapiga nguo kwenye jiwe mpaka nadhani zitachanika. Kurasa za kwanza nilipomaliza aliingia, mikono na povu lake, akasoma amesimama. Nilingoja anichanie. Alirudisha karatasi mezani akasema, "Hukuandika la gauni."

Ni kweli, sikuandika. Basi ni hili. Gauni la buluu lenye shanga kifuani, lile la kwenye picha, ulilolikunja juu kabisa ya sanduku lako ukapande nalo jukwaani Nairobi, ni la Kache. Alilishona mwenyewe. Alikuwa akiliacha chumba cha nyuma cha klabu, akifika Jumamosi anabadili. Siku ile hakuingia ndani, kwa hiyo hakulichukua, na sisi hatukulirudisha. Mamako amelitoa sandukuni. Liko juu ya kitanda chako, limekunjwa vizuri. Yeye amerudi uani. Ukifika, kabla hujaniambia neno mimi, nenda kwake, usimwulize kitu, msaidie kukamua nguo.

Sikukatazi kwenda. Nimekataza watu wa kutosha. Una sauti, na huku kwetu hakuna wa kuirekodi, mimi ndiye niliyehakikisha hilo. Panda treni. Jumatatu, kabla kalamu haijagusa karatasi, mwambie Beni afute cha nne na cha saba. Atakwambia ni utaratibu wa kazi. Mwulize bia za kifungu cha tisa ziko friji gani. Mtazame usoni akijibu. Akifuta, imba kwa jina la bibi yako. Asipofuta, sijui utafanya nini, na hilo ni lako. Mimi nitakuwa hapa, mlango uko wazi, kikombe kingine nimenunua.

Kaseti nimeipiga leo mara tatu, ule wimbo wa mwisho. Ubeti wa tatu ukifika, Kache anakata pumzi, na pale pale kwenye kimya chake mimi nalisema jina lake, kwa sauti yangu hii ya chura. Nilidhani litauvunja mstari. Wapi! Linaingia lote, halisukumi kitu, na yeye anaendelea. Jaribu na wewe.

Babako,
Karisa